Wa Kuitikia Hadithi

Mjukuu wangu Editha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mabawe tu wazima, ila bibi yako mgongo unamsumbua tangu apalilie maharage. Umeuliza uanzeje kukusanya hadithi za utafiti wako wa chuo.

Miaka ile wakimbizi walipovuka mpaka kuja huku, nilimtafsiria mtafiti mmoja kambini. Mama mmoja alikubali kusimulia, mtafiti akawasha kinasa sauti. Mama akatamka maneno ya kufungulia hadithi, akanyamaza. Kwetu, kama kwao, msimuliaji haendelei mpaka watoto waitikie.

“Mwambie aendelee,” mtafiti akaninong'oneza.

Nikaitikia mimi, na ndevu zangu.

Mama akanitazama. “Asante, baba. Lakini wa kuitikia nimewazika njiani.”

Kanda ikazunguka mpaka ikaisha.

Basi Editha, kabla hujawasha chochote, tazama kwanza nani yupo wa kuitikia.

Babu yako