Nyota Pacha Zilizonitoa Jasho

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na alizeti za bondeni, mmeshamaliza kuzipiga? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uholanzi imenipasua midomo. Mwambie Mama akusomee polepole, maana leo nina furaha na mengi ya kueleza.

Uliniuliza kwenye simu, "Hivi Elineema, nyota zinapimwaje?" Iko galaksi ndogo, kundi la nyota hafifu lililo jirani na galaksi yetu. Nikiuchunguza mwanga wa kila nyota, najua kama inatujia au inatuacha, na kwa kasi gani. Nilikuta zinakimbia mno, Baba! Kwa uzito wa nyota zinazoonekana tu, kundi lile lingeshatawanyika. Kuna kitu kizito kisichoonekana kinachozishikilia. Tunakiita maada ya giza. Kazi yangu ni kukadiria kipo kiasi gani.

Mwaka jana nilisimama kueleza hayo. Mwalimu wangu, Profesa Marta, akanikatiza mbele ya watu. "Na kama baadhi ni nyota pacha?" Nyota mbili zinazozungukana huwa na kasi ya ziada ya mzunguko wao, ukadhani ni kasi ya galaksi. Nikakaa uso ukiniwaka. Sikuwaambia, lakini wiki ile nilianza kufungasha nguo nirudi.

Marta mwenyewe akanifuata. "Sikusema umekosea," akasema. "Nimesema upime tena."

Nikasubiri karibu mwaka mzima kupata tena zamu ya darubini. Kasi ya nyota pacha hubadilika kadiri inavyozunguka. Ya nyota iliyo peke yake hubaki ileile. Jumanne asubuhi, ofisini, nikalinganisha vipimo vya zamani na vipya. Nyota tatu zilikuwa zimebadilika kasi. Nikaziondoa, nikapiga hesabu upya. Kasi ikapungua kidogo tu! Galaksi yangu bado imejaa maada ya giza, nzito mara nyingi kuliko nyota zake zote.

Nikapiga kigelegele, Baba, kile chenyewe cha harusi za kwetu Kinampanda. Milango ikafunguka huku na huku, watu wakidhani nimeungua. Marta akaja mbio, akasoma karatasi, akairudia. Kisha akasema, "Nifundishe hiyo sauti."

Mpaka leo hajaiweza. Kazi ya kumfundisha ingemfaa Shangazi Naomi, mwimbishaji wenu wa kwaya. Msalimie sana, pamoja na Mama, na kaka Yona, fundi baiskeli wa Misigiri. Waambie wote kwamba nimepima, na nimepima tena.

Ni mimi binti yako,
Elineema