Upande wa Kushoto wa Sterio ya Bibi Zuwena

Muscat

Baba Achieng, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila midomo imepasuka kama shamba la mpunga la Ahero maji yakifungwa. Sijui ninyi. Kwenye simu huwa unanijibu "tuko sawa" hata kama hamko sawa, maana siku ile Achieng alipolazwa na malaria ulinijibu hivyo hivyo ukiwa umesimama kando ya kitanda chake. Kwa hiyo leo nauliza kwa maandishi, na unijibu kwa maandishi. Kikohozi chako kimeisha? Achieng bado anakula dagaa wa omena akiwatoa vichwa kwanza? Maji yaliingia tena nyumbani kwa dada yako mvua hizi?

Barua hii anakuletea Mama Chebet wa Sondu, yule tuliyepanda naye ndege moja kuja huku. Mkataba wake umeisha na anarudi. Nimeona niandike kwa sababu simu yetu hukatika pale pale ninapofikia neno lenyewe, na neno lenyewe unalijua. Ni ile karatasi ya kuongeza mkataba. Mtoto wa kiume wa Bibi ameniwekea juu ya friji, anataka nitie sahihi kabla mwezi haujaisha, niwe hapa miaka miwili mingine. Nilipokuuliza ulisema, "Wewe amua, Mama Achieng. Mimi siwezi amua juu yako." Nilikukasirikia, Baba Achieng. Nilitaka uniambie rudi.

Sasa acha nikueleze habari ya sterio, na usidhani nimekwepa.

Bibi Zuwena, huyu mama mzee ninayemtunza, nilikuambia alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kimenyooka, changu hukicheka kila siku. Sebuleni kwake kuna sterio ya marehemu mumewe, zile za zamani za vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, sahani ya santuri juu, kanda chini, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Wewe ungeiona ungevua kofia. Kila siku baada ya swala ya alasiri anataka kanda yake ya taarabu, ile ile. Tangu nifike nyumba hii ni spika ya kulia tu inayoimba. Ya kushoto nimekuwa nikiifuta vumbi kama kabati.

Juzi hata ile ya kulia ikaanza kufifia katikati ya wimbo. Mkono wangu wa Kisumu ukaenda wenyewe, nikaipiga kofi juu ya kichwa. Spika ya kushoto ikapiga kelele, neno moja tu, ikanyamaza, na ya kulia ikaendelea na wimbo.

"Njeri!" Bibi akashtuka. "Amekukosea nini umpige?"

"Bibi, kwetu redio huamshwa hivyo."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimekuona wewe pale kibandani kwako sokoni Kibuye, ukimkazia macho mteja: "Mama, hii redio umechapa mara ngapi kabla uniletee?" Naye anaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajaigusa, na alama za vidole ziko juu ya vumbi. Nikacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, Bibi akanipa kitambaa chake.

Lakini kofi lile lilikuwa limeniambia kitu. Redio inayoamka kwa kofi haijafa, ina mahali palipoachana. Hilo nimelisikia kwako mara nyingi kuliko mahubiri. Nikamwomba Bibi ruhusa niifungue. Akasema kitabu chake cha maelekezo kilipotea walipohama nyumba, na fundi aliyeitwa zamani aliogopa kuigusa bila kitabu. "Na wewe na ufundi wapi na wapi?" Nikamwambia nilikuwa nauza mitumba ya watoto kando ya fundi mmoja mrefu, na biashara ikilala namshikia tochi. Akaniuliza kama fundi huyo alinioa kwa sababu ya tochi. Nikamwambia ndiyo.

Nikachomoa waya ukutani nikaiacha mpaka kesho yake, maana ulinitisha kwamba umeme hubaki ndani ukiotea. Nikabadilisha nyaya za spika kwanza, ya kulia nikaipeleka kushoto. Ile kabati yangu ikaimba vizuri kabisa, na ya kulia ikawa bubu. Kumbe spika zote ni nzima, ugonjwa uko tumboni mwa sterio. Nikazirudisha nyaya mahali pake. Fundi umeme wa jengo letu, Mhindi mmoja mpole, akaniazima mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu. Nikaichomoa tena, kesho yake nikaifungua, nikaona waya na vidude vimejaa humo. Hakuna kitabu, na wewe hupo.

Ndipo nikakusikia. "Kitabu ni ya nini? Hii upande mzima ndio kitabu. Ile mbaya unauliza hii, inakuambia." Kweli, ukitazama vizuri, humo ndani kila kitu kiko mara mbili, cha kulia na cha kushoto, kama mapacha. Nikapima kulia, nikapima kushoto mahali pale pale. Sawa. Nikasogea mbele. Sawa. Nilikuwa nikiyasema maneno yako kwa sauti ya chini, Bibi akadhani nasoma dua, naye akaitikia amina. Mbele kidogo mita ikanipa jibu kulia, na kushoto haikunipa kitu. Nikavaa miwani ya Bibi nikainama. Mguu mmoja wa kidude kimoja ulikuwa umepasuka lehemu kuuzunguka, ufa mwembamba kama unywele. Huo tu. Nikaupasha moto, nikatia lehemu mpya, nikapuliza kama unavyopuliza wewe, ingawa najua hakusaidii kitu.

Alasiri Bibi akaweka kanda yake. Mwimbaji akaanza upande wa kulia kama kawaida. Halafu kushoto zikaingia fidla. Waliorekodi walikuwa wameziweka zote upande ule. Bibi akainua mkono kama mtu anayesimamisha gari.

"Hizi fidla zilikuwamo?"

"Zilikuwamo siku zote, Bibi."

"Na mimi miaka yote hii nikidhani nausikia wimbo."

Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nisisikike nikilia. Baba Achieng, ndivyo nilivyoishi huku. Nimekuwa nikijisikia mzima. Nakula, nalala, Jumapili nikipewa nafasi naenda kanisani, natuma cha kutuma. Nilishazoea upande mmoja nikadhani ndio wimbo mzima. Nakukosa, na nimechoka kujifanya kwamba nimezoea kukukosa.

Najua hatukuamua nije huku kwa anasa. Najua redio zimepungua, kila mtu ana simu mfukoni. Najua nyumba yetu ya Asembo Bay haijapigwa plasta. Tutakaa bila plasta. Karatasi nimeirudisha bila sahihi. Sikuulizi tena uniamulie, nakuarifu. Shule zikifungwa mwezi wa nane, mniangalie uwanja wa ndege, wewe na Achieng, na usimwambie mapema asije akashindwa kulala.

Bibi alipopata habari alininunia, hata chai yangu alikataa. Jioni akaniita sebuleni. "Haya, njoo unionyeshe," akasema. "Wewe ukishaondoka, na sterio ikifa tena, niipige wapi?" Nikamshika mkono nikamwonyesha mahali. Tukakaa hapo kidogo, mkono wake juu ya ule ubao na wangu juu ya wake.

Nisalimie Mama huko Asembo Bay, mwambie huyu mkaza mwanawe wa Kikuyu bado anaota samaki wake wa kukaanga, na ero kamano, asante sana, kwa maombi. Nisalimie dada yako Ahero na mumewe. Na baba yangu, ukipita dukani kwake pale Kondele, mwambie polepole kwamba narudi, asije akawatangazia wateja wote. Achieng mpe busu la shavuni, la kushoto na la kulia.

Na wewe usinitafutie kazi. Nitafutie kiti. Kiweke upande wa kushoto wa meza yako, pale nilipokuwa nikisimama na tochi, na uninunulie chuma cha kulehemu changu mwenyewe.

Mkeo,
Njeri, Mama Achieng