Mashine Haijafa, na Mimi Sitii Sahihi

Mama Emérence mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo nawekewa karatasi nitie sahihi kwamba nimeua mashine ya shule na naacha kazi, nami sijaiua, na shahidi wangu ni mimi peke yangu, lakini nikifungua kinywa najifunga mwenyewe.

Mimi ni katibu wa shule ya sekondari iliyohamia hapa Butembo tulipokimbia vita kule Kayna. Siku ile kila mtu alibeba mtoto na godoro, kompyuta ikabaki, alama za miaka minne zikapotea, wanafunzi wakakosa hata cha kuonyesha walifika darasa gani. Préfet wetu, mkuu wa shule, Monsieur Ananie, alilia mbele yetu. Ndiyo maana leo, kila tukiandika alama moja, kompyuta inanakili upya hifadhi yote ya shule kwenye diski ndogo ya nje, ya zamani, ambayo inakaa ndani ya mfuko wa kukimbilia, waya tu ndio umetokeza. "Hapana gusa ile disque," anatuambia. "Ile ndiyo batoto betu."

Sasa ni wakati wa bulletins, zile ripoti za alama za wanafunzi, makatibu watatu tuko kwenye mashine moja, na mashine inatambaa, unabonyeza herufi unangoja mpaka unasahau neno. Akaitwa fundi Sadrack, akafungua ukurasa unaoonyesha kazi za mashine, akakuta namba ya mzigo ni tisa. "Neuf! Processeur imeungua! Ni huyu Kavuo na ma-chansons yake ya chorale, anajaza mu machine!" Préfet akaniangalia kama mtu aliyetia moto nyumbani kwake, akaagiza ile karatasi ya Jumatatu. Lakini mimi nilisimama nyuma ya fundi na nikaona mstari wa chini, ambao hakuusoma: processor, ule ubongo wa mashine, ilikuwa inatumika asilimia sita tu. Sita, Mama! Kitu kilicholemewa kinakaaje bila kazi?

Basi Ijumaa, wenzangu walipokwenda kula, nilisimamisha kunakili nikachomoa diski. Ndani ya dakika chache ile tisa ikashuka, tano, mbili, mpaka chini ya moja, na mashine ikakimbia. Wenzangu wakarudi wakashangilia, Sadrack akasema ni vumbi alilopuliza asubuhi, nami nikarudisha diski kimya kimya, na mashine ikaanza kutambaa tena. Nikisema ukweli, nitakuwa yule aliyechomoa diski ya watoto. Na kama tungekimbia saa ile? Lakini kutia sahihi uongo siwezi, mkono unakataa. Nifanye nini?

Kavuo, Butembo

*

Kavuo,

Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio kwanza, halafu nikukumbatie.

Kompyuta nimeijulia uzeeni, lakini moulin, kinu cha kusagia unga, naijua. Wanawake tisa wamejipanga mlangoni na jiwe limenyamaza, kwa sababu mahindi yao yote yako njiani juu ya chukudu moja mbovu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Ile namba ya mzigo inahesabu wanawake. Asilimia inasema jiwe linasaga kiasi gani. Kwenye mashine kama yenu, kazi inayongoja diski nayo inahesabiwa kwenye foleni. Processor ingekuwa imelemewa, asilimia ingekaribia mia. Sadrack aliona watu mlangoni, akatangaza kwamba moulin imeungua. Pole yake, na aibu yake.

Sasa zamu yako. Ulikuwa na haki, ukaitumia kama mwizi. Hukuchomoa diski tu, ulichomoa usingizi wa mzee aliyepoteza alama za watoto mia kadhaa. Kisha ukaacha fundi ashangiliwe kwa vumbi! Hapo umenikasirisha kabisa. Nyimbo zako za kwaya nazo ziondoe. Hazikulemea kitu, lakini mashine ya shule si kanisa.

Jumatatu fika mapema, kabla ya karatasi. Ungama kwa kinywa chako: "Monsieur le Préfet, Ijumaa nilichomoa disque bila kukuuliza. Unisamehe kwa ile. Lakini processeur haikufa, na karatasi sitaisaini." Usishushe macho. Halafu mwombe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asimamishe kunakili kwa dakika kumi, Sadrack akiwa hapo, na namba zote mbili zisomwe kwa sauti, kabla na baada.

Usithubutu kuomba diski iondolewe. Aliyekwisha kukimbia mara moja halali bila mfuko, na ana haki. Omba kompyuta inakili mara mbili kwa siku, saa sita na kabla ya kufunga ofisi, na yale yaliyobadilika tu. Na alama za siku hiyo ziandikwe pia kwenye daftari, daftari liingie mfukoni. Préfet aliyelia kwa ajili ya watoto atasikia.

Asiposikia, weka kalamu mezani, utoke wima. Kayna ulikimbia bunduki, na hakuna atakayekucheka. Butembo usikimbie namba ambayo fundi hakumaliza kuisoma.

Mama Emérence