Kola ya Dada

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Je, goti limepata nafuu? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, na cherehani bado inanilisha.

Kitinda mimba wangu amepewa kazi ya utafiti shuleni, naye akachagua ushonaji. Kurasa za kwanza alizinakili kitabuni neno kwa neno, mwalimu akamrudishia. Nikamkanya, "Mwanangu, cha mtu ni cha mtu, hata kikiwa maneno. Sema ulikokitoa." Akatii, akaorodhesha vitabu vyote. Kisha akanigeukia na kalamu yake.

"Na ile kola yako isiyojikunja, mama, nani alikufundisha?"

Dada, miaka kumi na miwili wateja wanaisifu kola ile, nami najibu tu kwamba ni kipaji cha Mungu. Kumbe ni yako. Niliiga kwa kuutazama mkono wako ukikata, na uliponiuliza mbele ya watu nikakuruka kimanga. Ndipo ukaacha kuja kwangu.

Nilimweleza mtoto yote. Akanitazama, akasema, "Basi mama, wewe ungerudishiwa daftari." Nilicheka, halafu nikaenda chumbani kutubu.

Ameacha mstari mmoja wazi kwenye orodha yake. Sitaki aandike jina lako bila idhini, maana nimeshachukua vya kutosha bila kuomba. Kazi inakusanywa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nisamehe, dada, na tafadhali unijibu mapema.

Mdogo wako