Nyanya za Kopo Hazina Harufu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimegombana na kopo. Mke wa mwanangu kaleta makopo ya nyanya, karatasi nyekundu, yanang'aa. Nimefungua moja, nikanusa — hamna kitu! Maji ya bomba yana harufu kuliko haya. Nikamwambia, umeuziwa rangi wewe, hizi si nyanya. Kanusa na yeye. Eti zinanukia vizuri tu, Mama. Vizuri wapi? Pua za vijana hawa zimeharibiwa na manukato.

Mimi sionji chakula jikoni. Kuonja ni kwa wasiojua. Nyanya ikiiva kwenye mafuta pua inaniambia, basi.

Jumatano, 5 Machi
Kopo nimelifunika kisahani, nimelirudisha dukani. Mwenye duka, mjuaji yule, kainama mpaka ndevu nusura ziingie. "Bibi, hizi safi kabisa, zinanitia njaa!" Nikamwambia njaa yako ya kuzaliwa. Watu wakacheka. Nimerudi nalo, nimeliweka rafuni nyuma ya unga. Chakula situpi.

Ila sielewi. Mwenye duka anadanganya auze. Na mkwe wangu? Yeye anapata nini?

Ijumaa, 7 Machi
Nimekata kitunguu. Machozi hayo, tele! Harufu — hamna. Nikakata cha pili. Nimelia kama nimefiwa, pua kimya. Au ni mafua? Mbona kamasi sina?

Mwanangu naye kaanza. Kaongea polepole, kama anabembeleza mgonjwa: Mama, pumzika sasa, jikoni mwachie mkweo. Nimwachie! Nikakae sebuleni niwe nani, kochi? Nimewaambia Jumapili napika mimi, na Kibonge namlisha mimi. Mjukuu wangu huyo, ana miaka miwili, na chakula hapokei kwa mtu mwingine.

Jumapili, 9 Machi
Sijui nianzie wapi.

Nimepika. Nimeanza na lile kopo la rafuni, lisije likaharibika bure. Lilikuwa na povu kidogo juu, nikaliengua. Nikanusa. Hamna kitu, kama siku zote.

Mezani mwanangu kafunua sufuria, karudi nyuma. Mimi nishampakulia Kibonge, kijiko kinakaribia mdomo — mkwe wangu kanipokonya! Yeye, ambaye hajawahi hata kunijibu! "Mama, imeoza! Husikii inavyonuka?"

Imeoza? Nikasema pua ninayo, iko sawa, mnanionea. Mwanangu hakubishana. Angebishana ningejua la kumwambia. Kaniangalia tu, macho yakamjaa maji. Mwanaume mzima analilia mchuzi?

Nimechukua bakuli la mtoto na kijiko chake nikajifungia chumbani. Liko hapa mbele yangu. Nimenusa. Nimenusa tena. Nimeinamisha uso mpaka pua imelowa. Mwekundu, mzito, una mafuta juu, mchuzi kama mchuzi. Wote wale wameambizana? Na mtoto, angekula, ingekuwaje?

Huko nje Kibonge analia njaa. Mkwe wangu anambembeleza, anamchemshia uji. Kanyamaza. Anakula! Kwa mkono wa mama yake, anakula.

Mwanangu anagonga mlango. "Mama, usile hicho. Fungua tu, tuongee."

Wasinifundishe. Kijiko ninacho. Nimeshachota.

Anagonga tena.