Kichupa Chenye Jina Langu

Mzee Wafula,

Umeniachia balaa. Hukuwa umemaliza wiki tatu kaburini Daktari, mkuu wa maabara yetu, akafungua friza yako, akaona vile vichupa vya kingamwili, akasema, "Nyambura, hii takataka itoke kabla ya Ijumaa. Nani anajua ni ya nini?" Kazi ya miaka yako yote, Mzee, iende pipani!

Na kosa ni lako. Wenzako huandika namba. Wewe ulinunua kalamu River Road ukaandika "Shemeji", ukaandika "Mama Mkwe". Daftari lenye maelezo ukalipeleka nyumbani Kabiria, na mjukuu wako amelichora magari kurasa zote.

Basi nikaanza upya, vile ulivyonifundisha: damu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo na ya mtu, nione kila kingamwili inashika seli za kinga za nani. Ikishika, seli zinang'aa kijani kwenye hadubini. Damu ya mtu ilikuwa yako siku zote. Safari hii nikajitoa yangu.

Nikatangulia na kingamwili mpya ya dukani, iliyotengenezwa kushika seli za binadamu tu, kuhakikisha kipimo kiko sawa. Mbuzi akang'aa. Mimi giza tupu! Nilikaa pale nikijiuliza nitamwambia nini mama yangu. Kumbe nilikuwa nimetia damu yangu kwenye chupa ya mbuzi, na ya mbuzi kwenye yangu. Ungecheka mpaka ukohoe.

Nikarudia. Shemeji anashika kila nyumba anayoingia: ng'ombe, mbuzi, kondoo, mimi. Mama Mkwe anaongea na ng'ombe peke yake, wengine hata hawasalimii. Hapo ndipo nilipokuelewa, nikacheka hadi askari wa getini akaja kuuliza kama niko salama.

Chini kabisa ya boksi nikakuta kichupa kimeandikwa "Nyambura".

Niliogopa, Mzee. Je, kama hakishiki chochote? Ilikuwa Alhamisi tayari. Nikakijaribu nusu saa: giza kote. Niliumia, sikufichi. Miaka minne ya kukuchemshia chai, na hivyo ndivyo ulivyoniona!

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: "We msichana, wacha haraka. Zingine huchelewa kushika." Nikajaribu tena, nikaiacha kingamwili hiyo kwenye damu saa tatu nzima, nikaosha mara tatu kuondoa isiyoshika. Ng'ombe kijani. Mbuzi kijani. Kondoo kijani. Mimi pia. Nikaosha mara ya nne, kwa ubishi tu. Haikutoka.

Nililia, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa nini.

Ijumaa Daktari aliinamia hadubini muda mrefu. "Sawa," akasema, "boksi ibaki. Lakini andika namba." Nimeandika namba kwa vyote isipokuwa kimoja, hicho kimebaki na mwandiko wako.

Pumzika, Mzee wangu. Damu ya mtu itakuwa yangu kuanzia sasa, na chupa ya mbuzi nitaiandika kwa herufi kubwa, nakuahidi.

Mimi niliyechelewa kushika,
Nyambura