Goti la Kumsalimia Mama Mkwe

Jumanne, 4 Februari 2025

Ilula. Nilipanda juu ya matenga ya nyanya nipige picha ya foleni ya malori. Tenga la juu lilikuwa tupu, limefunikwa majani tu. Mguu ukazama, mwili ukageuka, goti likabaki. Ko! Wauza nyanya walinibeba wakicheka, kisha wakaacha kucheka. Picha imetoka vizuri.

Ijumaa, 14 Februari

Mbeya, kwa daktari wa mifupa, Ndalahwa. Msukuma wa Usangu – mikono ya mchunga ng'ombe, sauti ndogo. Ligamenti ya mbele ya goti la kulia imekatika kabisa, ya pembeni imechanika nusu. Anashauri upasuaji: achukue kano nyuma ya paja, atengeneze ligamenti mpya. Miezi tisa bila kupanda lori wala mlima.

Na nisipopasuliwa? Ya pembeni itapona yenyewe, akasema. Ya mbele haiungi, ila wapo wanaoishi vizuri bila hiyo. Misuli inabeba kazi yake. Wengine goti linafyatuka ovyo, linaharibika ndani, wanarudi kwake wamechelewa.

Nitajuaje mimi ni yupi?

"Hapo hata mimi sijui."

Nimempenda. Daktari anayesema hajui – adimu.

Jumatatu, 17 Februari

Iringa. Faustina wa fiziotherapia anasema tufanye mazoezi miezi mitatu, ndipo niamue. Likifyatuka, upasuaji. Nilitafuta ugomvi kati yake na daktari, sikuupata. Habari mbaya kwa mwandishi, nzuri kwa goti.

Mhariri wangu, Fanueli, kanipa meza ya kusahihisha habari za wenzangu. Anasema ni heshima. Goti lisipotulia, ndiyo nimefika – sitoki tena barabarani. Meza inanuka vitumbua.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mafinga, kwa mama mkwe. Tangu niolewe sijawahi kumpa kamwene, salamu ya kwao, kabla magoti hayajagusa sakafu. Leo nimesimama wima – Faustina amekataza kupiga goti, bado mapema. Mama Verediana akanitazama juu mpaka chini.

"Mama Ombeni, umekuja kunikamata?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaagiza kiti kirefu cha fundi, akapanda, akakaa kama askofu.

"Haya. Sasa hata ukisimama uko chini yangu. Salimia upya."

Kamwene! Tulicheka mpaka nyama ikaungua. Tukaila hivyo hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepanda jiwe la Gangilonga, juu ya mji wa Iringa. Kushuka ndiko kugumu. Halikufyatuka! Nimemtumia Fanueli picha ya mji kutoka juu. Amejibu: meza inakusalimu.

Jumatano, 28 Mei

Mbeya, benchi la hospitali. Nililala Uyole kwa wifi Prisca. Leo ndiyo siku ya uamuzi.

Ndalahwa kauvuta mguu: bado unacheza. "Imekatika, hilo halibadiliki. Swali ni kama unaihitaji." Akanitoa koridoni nisubiri. Atanirukisha kwa mguu mmoja aone kama goti linafyatuka, ndipo aseme kama ataniandikia upasuaji. Nikakaa nikijipigapiga paja. Nilikuwa na hofu, naiandika kama ilivyo.

Mara Mama Verediana huyo! Kumbe alifika Uyole asubuhi kwa Prisca, akasikia, akapanda gari. Kikapu cha viazi mkononi. Anamwuliza muuguzi yuko wapi huyo anayetaka kumchana mkwe wake.

Mwili ukatangulia akili. Magoti yote mawili, kwenye saruji. Kamwene, mama.

Kisha nikakumbuka katazo la Faustina. Ndalahwa mlangoni na kikombe chake: "Asimshike mtu!"

"Inuka, mwanangu," Mama akanong'ona, "anakuangalia."

Nikainuka. Bila ukuta, bila mkono. Halikufyatuka! Mgonjwa mmoja mwenye plasta akapiga makofi.

Mama akataka kujua kama hiyo haitoshi badala ya kurukaruka. Daktari anasema kwao pia wakwe hupiga magoti, anajua ilivyo kazi kwa goti. Ila mara moja si kipimo. Nipumzike kidogo, halafu nipige goti na kuinuka tena, na kuruka kuko pale pale.

Nimepumzika, ndiyo naandika. Goti halijavimba. Faustina atanigombeza.

Mama katoka nje ili aingie upya. Nasikia viatu vyake vinarudi –